Maswali na Majibu: Diski Zilizosimbwa kwenye Seva ya Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja, nalo ni seva ndogo ya kuhifadhia faili nyumbani na diski zake ambazo wenyewe wamezisimba, au wanakusudia kuzisimba, ili mtu mwingine asiweze kuzisoma. Tumechagua sita. Majibu yamejikita katika Linux na utaratibu wake wa usimbaji uitwao LUKS, kwa sababu ndio uliomo ndani ya seva nyingi za aina hii, hata zile ambazo mwenyewe huziendesha kwa kubofya vitufe kwenye kivinjari bila kuona amri hata moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, seva yangu ina picha za familia, nyaraka za kodi na vyeti vya watoto. Rafiki mmoja ananihimiza nisimbe diski zote. Mwingine anasema nitajitafutia matatizo bure kwa kuwa seva iko ndani ya nyumba inayofungwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wana hoja, lakini wanazungumzia hatari tofauti. Usimbaji wa diski hulinda data pale tu seva inapokuwa imezimwa au diski inapokuwa imechomolewa: mwizi akiibeba, fundi akiachiwa, au diski ikiharibika na kurudishwa kwa muuzaji chini ya dhamana. Hili la mwisho watu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Diski iliyokufa haiandikiki tena, kwa hiyo huwezi kuifuta kabla ya kuitoa mikononi mwako, ilhali sahani zake bado zimebeba kila ulichowahi kukihifadhi. Ikiwa ilisimbwa tangu siku ya kwanza, unaitoa bila wasiwasi.

Mara diski inapofunguliwa, hata hivyo, kinga hiyo huondoka. Programu hasidi iliyoingia katika kompyuta yenye ruhusa ya kuandika kwenye seva itaziharibu faili zako vilevile, na anayeingia kupitia mtandao atazisoma kama unavyozisoma wewe. Usimbaji pia haukuokoi na kufuta kwa bahati mbaya wala na diski kufa. Kwa sababu hiyo, asiye na nakala rudufu aanze na nakala rudufu, kisha ndipo asimbe, na asimbe kabla data haijaingia kwenye diski. Ipo njia ya kusimba diski iliyokwisha kujaa bila kuihamisha data, lakini mimi huishauri kwa yule tu mwenye nakala kamili pembeni.

SWALI: Nilichomoa diski moja ya seva nikaiunganisha na kompyuta yenye Windows ili nikague afya yake. Kompyuta ikasema diski haijaandaliwa, ikaomba ruhusa ya kuiandaa, nami nikakubali. Tangu hapo seva haiitambui diski hiyo, ingawa nywila naikumbuka barabara. Je, data yangu imepotea?

JIBU: Data yenyewe bado ipo, karibu yote. Kilichoguswa ni kichwa cha LUKS, yaani eneo dogo lenye maelezo ya usimbaji na funguo zake, nacho kiko mwanzoni kabisa mwa diski. Kabla ya kueleza zaidi, tafadhali usiandike chochote tena kwenye diski hiyo. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa huohuo au zaidi, uinakili yote sekta kwa sekta, kisha majaribio yote yafanyike kwenye nakala.

Jambo la kuelewa ni kwamba nywila yako haisimbi data. Diski inapoandaliwa, mfumo hubuni ufunguo mkuu wa nasibu, na huo ndio unaosimba kila sekta. Ufunguo mkuu nao husimbwa kwa ufunguo unaotokana na nywila, kisha huwekwa katika mojawapo ya nafasi za funguo zilizomo ndani ya kichwa: nafasi 8 katika LUKS1, na hadi 32 katika LUKS2. Kichwa cha LUKS2 kwa kawaida huchukua mebibaiti 16 za mwanzo. Kila nafasi ya ufunguo imesambazwa makusudi katika vipande 4,000, kwa namna ambayo kipande kimoja kikipotea ufunguo wote haupatikani. Waliobuni hivyo walitaka iwe rahisi kuuangamiza ufunguo kabisa, na walifanikiwa. Lakini matokeo yake ni kwamba uharibifu mdogo kwenye eneo hilo huweza kufunga terabaiti nzima, na kukumbuka nywila hakusaidii kitu.

Sasa inategemea kompyuta yako iliandika nini. LUKS2 huweka maelezo yake mara mbili, na nakala ya pili huanza kwa kawaida kibibaiti 16 kutoka mwanzo wa diski. Ikiwa lililoandikwa ni jedwali la zamani la kugawa diski, liitwalo MBR, ambalo ni baiti 512 tu, nakala ya pili imesalimika na amri ya cryptsetup repair (cryptsetup ndiyo programu inayosimamia LUKS) inaweza kurudisha ya kwanza. Ikiwa ni lile jipya zaidi, GPT, hilo hufika hadi baiti ya 17,408, yaani linagusa mwanzo wa nakala ya pili pia. Hapo eneo la funguo bado halijaguswa, kwani kwa kawaida huanza kibibaiti 32, lakini kuyajenga upya maelezo yaliyovunjika ni kazi ya mtaalamu anayeujua muundo huo baiti kwa baiti. Ikiwa diski ilikuwa LUKS1, nayo haina nakala ya pili, basi bila nakala ya kichwa iliyowekwa kando mapema sina tumaini la kukupa.

Nakala hiyo ndiyo ninayomwomba kila msomaji aitengeneze leo. Amri ni cryptsetup luksHeaderBackup, ikifuatwa na jina la diski, kisha --header-backup-file na jina la faili. Huzaa faili ndogo ambayo unapaswa kuiweka nje ya seva, mahali pawili ikiwezekana, na kuitengeneza upya kila unapoongeza au kubadilisha nywila. Ihifadhi kwa uangalifu uleule unaoutumia kwa nywila, kwa sababu ambayo nitaieleza katika swali la mwisho. Kisha ongeza nywila ya pili katika nafasi nyingine ya ufunguo, uiandike kwenye karatasi, na uikabidhi kwa mtu wa familia unayemwamini, pamoja na maelezo mafupi ya namna ya kuitumia. Picha za watoto si zako peke yako, na wenzako hawatakiwi kuzikosa kwa sababu tu wewe hupo. Jaribu nywila zote mbili kwa cryptsetup open --test-passphrase, ambayo hukagua nywila bila kuifungua diski, badala ya kusubiri siku ya shida ndipo ugundue kwamba herufi moja iliandikwa vibaya.

Mambo mawili ya nyongeza. Kwanza, ikiwa kichwa kimeharibika wakati diski bado imefunguliwa kwenye seva inayofanya kazi, usiizime seva: ufunguo mkuu bado uko kwenye kumbukumbu ya mashine, na unaweza kuendelea kunakili faili zako kwenda kwingine hadi zote zitoke. Pili, hukuhitaji kuichomoa diski ili kukagua afya yake. Amri ya smartctl -a husoma taarifa za diski yenyewe kwa chini ya usimbaji, iwe imefunguliwa au imefungwa.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, seva hujiwasha yenyewe, lakini diski za data hubaki zimefungwa hadi nirudi nyumbani niandike nywila. Nimeshauriwa niweke faili ya ufunguo kwenye diski ya mfumo ili zijifungue. Ni salama?

JIBU: Ni salama dhidi ya hatari moja na si salama dhidi ya nyingine. Ikiwa unachohofia ni diski ya data kutoka nje ya nyumba peke yake, kwa dhamana au kwa kuuzwa, faili ya ufunguo iliyo kwenye diski ya mfumo inatosha kabisa. Ikiwa unahofia mwizi, haisaidii, kwa sababu mwizi habagui: atabeba seva yote, pamoja na diski ya mfumo yenye ufunguo ndani yake. Ukiamua kuitumia, iwe na baiti za nasibu, tuseme 4,096, isomeke na mtumiaji mkuu peke yake, na isiwe ufunguo pekee. Nywila yako ibaki katika nafasi yake.

Njia ninayoipendelea kwa seva ambayo umeme wake haukatiki mara kwa mara ni rahisi zaidi. Mfumo uache uwake kawaida kutoka kwenye diski yake ambayo haikusimbwa, kisha wewe uingie kwa SSH, njia salama ya kuiamuru seva ukiwa mbali, kutoka mahali popote salama, ufungue diski za data kwa mkono. Katika faili ya /etc/crypttab diski hizo ziandikwe noauto, yaani zisijifungue zenyewe, na katika /etc/fstab vilevile, ili mfumo usisimame kuzisubiri. Zitaje kwa UUID, yaani namba ya utambulisho ya kila diski, badala ya majina kama sdb, kwani majina hayo hubadilika kulingana na mpangilio wa kuwaka, nawe hutaki kuelekeza amri kwenye diski isiyo yake. Ikiwa diski ya mfumo nayo imesimbwa, programu ndogo ya Dropbear inaweza kuwekwa kwenye hatua ya mwanzo kabisa ya kuwaka, nayo ikakupokea kwa SSH kabla mfumo wenyewe haujaanza.

Kuna mtego katika njia hii ambao nauona ukiwakuta wengi. Huduma zilizomo kwenye seva, kama ile ya kupokea picha kutoka kwenye simu, huanza kabla hujafungua diski. Zinakuta folda tupu mahali diski inapopachikwa (yaani inapounganishwa na folda ili faili zake zionekane), nazo zinaanza kuandika humo. Faili hizo zinakwenda kwenye diski ya mfumo bila kusimbwa, zinaijaza, na ukishaipachika diski halisi zinafichika chini yake zisionekane. Dawa ni kuifunga folda tupu kwa chattr +i wakati diski haijapachikwa, ili isiandikike, na kuzielekeza huduma hizo kwenye systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, kwa RequiresMountsFor ili zisianze mpaka diski iwepo.

Kwa mwenye umeme usiotabirika, ipo njia ya Tang na Clevis. Tang huwekwa kwenye kompyuta nyingine ndogo ndani ya mtandao huohuo wa nyumbani, na Clevis huwekwa kwenye seva. Seva inapowaka huwasiliana na Tang na kupata kinachohitajika kufungua diski. Mwizi akiibeba seva na kuiacha ile ndogo iliyofichwa chumba kingine, diski hazifunguki. Kutumia kichipu cha TPM, kinachotunza funguo ndani ya mashine yenyewe, kunawezekana pia, lakini hapo ufunguo husafiri na mashine, kwa hiyo kunalinda diski iliyochomolewa zaidi ya seva iliyoibwa nzima.

SWALI: Seva yangu ni Raspberry Pi 4. Tangu nisimbe diski, kunakili faili kumekuwa kwa polepole mno. Je, ni kawaida?

JIBU: Ni kawaida kwa mashine hiyo. Usimbaji wa kawaida wa LUKS hutumia AES, kanuni iliyopitishwa Marekani mwaka 2001 kuwa kiwango rasmi, na vichakataji vingi vya sasa vina maelekezo maalumu ya kuifanya upesi. Kile cha Raspberry Pi 4 hakina. Cha Raspberry Pi 5 kinayo. Amri ya cryptsetup benchmark itakuonyesha mashine yako inamudu mebibaiti ngapi kwa sekunde, nawe ulinganishe na mtandao wa gigabiti moja, ambao kwa vitendo hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Ipo kanuni ya Adiantum, iliyotangazwa na Google mwaka 2019 kwa ajili ya vichakataji vya aina hiyo, na kwenye mashine yako huenda ikawa ya kasi zaidi, ila itakubidi uiandae diski upya.

Angalia na kumbukumbu pia. LUKS2 hupitisha nywila kwenye kanuni ya Argon2, ambayo kwa makusudi hula kumbukumbu nyingi, hadi gibibaiti moja, ili anayebahatisha nywila aingie gharama. Diski iliyoandaliwa kwenye kompyuta kubwa inaweza kukataa kufunguka kwenye seva yenye kumbukumbu ndogo hata kama nywila ni sahihi, kwa hiyo iandae kwenye mashine itakayoitumia, au punguza kiwango kwa --pbkdf-memory.

SWALI: Nina diski nne katika RAID, yaani zimeunganishwa kuwa kundi moja, na moja imeanza kuonyesha sekta mbovu. Usimbaji unapaswa kukaa juu ya RAID au chini yake, na nikibadilisha diski, je, ufunguo nao unabadilika?

JIBU: Kwa RAID ya mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, weka LUKS juu. Diski nne zinaungana kuwa kifaa kimoja, nacho kinasimbwa mara moja, kikiwa na kichwa kimoja na nywila moja. Ukibadilisha diski, mdadm hujenga upya yaliyokuwemo bila hata kujua kwamba yamesimbwa, na ufunguo haubadiliki.

Kwa Btrfs na kwa ZFS mambo yanageuka, kwa sababu mifumo hiyo ya kupanga faili hukagua na kujitibu yenyewe, na ili ifanye hivyo inataka kuiona kila diski peke yake. Hapo LUKS hukaa chini, kila diski na kichwa chake, na diski mpya lazima iandaliwe na LUKS kabla ya kuingizwa kwenye kundi. Kosa lililo jepesi kutokea ni kuiingiza diski mpya mbichi usiku wa dharura: kundi linapona, kila kitu kinafanya kazi, na robo ya data inakaa wazi bila mtu kutambua. Baada ya kila badiliko hakikisha kwa lsblk kwamba chini ya kila diski kuna tabaka la crypt. Hesabu nakala za vichwa pia. Diski nne zinahitaji nakala nne.

ZFS ina usimbaji wake wa ndani tangu OpenZFS 0.8 ya mwaka 2019. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kutuma nakala ghafi, yaani ikiwa bado imesimbwa, kwa zfs send -w, hadi kwenye seva ya ndugu au rafiki, naye akakuhifadhia bila kuwa na ufunguo wala uwezo wa kusoma. Ukaguzi wa makosa hufanyika hata data ikiwa imefungwa. Kasoro yake ni kwamba majina ya mafungu ya data na ukubwa wake hubaki yakionekana, na fungu ambalo halikusimbwa lilipoanzishwa haliwezi kusimbwa baadaye. Itabidi uunde jipya na kuhamisha. Mimi ningekubali kasoro hizo kwa ajili ya nakala ghafi, maana nakala iliyo nje ya nyumba ndiyo ambayo watu wengi hawana.

Kuhusu hiyo diski yenye sekta mbovu, ibadilishe sasa, lakini hakikisha kwanza nakala rudufu inasomeka. Kujenga upya kunazisoma diski zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, na huo ndio wakati ambao udhaifu uliojificha kwenye mojawapo hujitokeza.

SWALI: Mtu nisiyemwamini aliiona nywila yangu. Nimekwisha kuibadilisha. Nataka pia kuuza diski mbili za zamani zilizosimbwa kwa nywila hiyohiyo. Je, nimemaliza?

JIBU: Hujamaliza. Kubadilisha nywila hubadilisha kinachofunga ufunguo mkuu tu. Ufunguo mkuu wenyewe ni uleule. Mtu huyo akiwa na nakala ya zamani ya kichwa, iliyotengenezwa wakati nywila ya kwanza ilikuwa bado inafanya kazi, ataifungua diski kwa nywila uliyodhani umeifuta. Jiulize kwa hiyo kama aliwahi kuwa na njia ya kuigusa seva au mahali unapohifadhi nakala za vichwa. Ikiwa hapana, kubadilisha nywila na kuharibu nakala zote za zamani kunatosha. Ikiwa ndiyo, tumia cryptsetup reencrypt, ambayo husimba data yote upya kwa ufunguo mkuu mpya. LUKS2 huweza kufanya hivyo hata diski ikiwa inatumika, ingawa kwa diski ya terabaiti nyingi kazi huchukua saa nyingi na pengine siku. Ukikamilisha, tengeneza nakala mpya ya kichwa.

Kwa diski za kuuza, cryptsetup luksErase huangamiza nafasi zote za funguo kwa muda mfupi, na baada yake hakuna nywila inayofungua. Hilo linatosha kwa diski ya sahani, mradi nakala za kichwa chake umeziharibu. Kwa diski ya SSD sivyo kabisa, kwa kuwa kidhibiti chake huandika mahali papya na huenda kikaacha nafasi ya zamani ya ufunguo kwenye seli usizoweza kuzifikia. Kwa hiyo ongeza amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, kama nvme format kwa zile za NVMe.

Na kama mojawapo ya diski hizo imekufa kiasi kwamba hata luksErase haiandiki, kumbuka kwamba bado inafunguka kwa nywila ambayo mtu huyo aliiona, ikiwa kuna anayeweza kuisoma kwa vifaa vya maabara. Diski ya namna hiyo usiiuze wala usiirudishe chini ya dhamana. Ifungue, utoboe sahani zake, kisha ndipo uitupe.